Mahali Patulivu

Kwa miaka kumi na mitatu mume wangu amekuwa akisema "maji imeisha", na kwa miaka kumi na mitatu nimekuwa nikimjibu "yameisha". Si kwa ubaya. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mtu akiikanyaga ngeli mbele yangu ni kama amenikanyaga kidole. Mungania ni fundi wa pampu za visima. Maji ndiyo kazi yake, anayavuta kutoka chini ya ardhi toka Garbatulla hadi Oldonyiro, na bado hajui yako katika ngeli gani. Nimemsahihisha mezani, nimemsahihisha kanisani, nimemsahihisha hospitalini nikiwa na uchungu wa kumzaa mtoto wa pili. Hakuniudhi kwa kukosea. Aliniudhi kwa kutojali.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani sikuwa na ushahidi.

Ushahidi wenyewe niliupata Jumapili moja ya Novemba, hapa nyumbani kwetu mtaa wa Mwangaza, saa nane mchana, bati likilia kwa joto juu ya vichwa vyetu. Watoto walikuwa wameshakula wakaingia chumbani kwao. Mezani tulibaki watatu: mimi, Mungania, na dada yake Nkirote. Nkirote ana duka la vipodozi karibu na stendi, na kila Jumapili akitoka kanisani huja kula kwangu kisha huniambia chumvi imezidi. Hatupendani. Hilo halina haja ya kuzungushwa.

Mbele yangu palikuwa na daftari. Tulikuwa tunachagua mahali pa kwenda likizo baharini, kabla bei za Krismasi hazijapanda. Au niseme kweli: mimi nilikuwa nachagua, wao walikuwa wananikwamisha.

Nimefundisha bahari kwa miaka kumi na minne bila kuiona. Nimeandika ubaoni kupwa na kujaa, ngalawa na nanga, mkondo na mwamba, wasichana wakinakili huku vumbi la Isiolo likiingia dirishani na kutua juu ya maneno yale. Mmoja wao, Akai, aliwahi kuinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, wewe umeiona?" Nikamwambia afungue ukurasa wa arobaini.

Mwaka niliomzaa Kirimi nilijiapia kitu kimoja. Watoto wangu wataiona bahari mara ya kwanza wakiwa pamoja nami, na mimi nitakuwa nawatazama wao. Bahari ingenisubiri, haina pa kwenda. Lakini uso wa mtoto anayeona kitu kikubwa namna ile kwa mara ya kwanza hausubiri, na mara ya kwanza ni moja tu. Niliweka akiba kwenye chama cha walimu kwa miaka minne. Niliwakataza watoto hata kutazama bahari kwenye simu. Jioni nilikuwa nawasimulia tutakavyofika, tutakavyosimama, watakavyonishika mkono. Kagendo, ambaye ana miaka sita, alikuwa anajiinamia tu. Kirimi, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa anainuka anatoka nje. Nilidhani ni ujana unaingia.

"Nyali nimeikata," niliwaambia, nikipitisha kalamu. "Kelele mchana kutwa, ngamia wa kupigwa picha, muziki. Ngamia tunao hapa. Diani bei ni za watalii. Watamu ni kuzuri lakini nyumba zote nafuu zimeshachukuliwa. Nimepata Msambweni. Nyumba ndogo ya mama mmoja anaitwa Fathia, vyumba viwili, tunapika wenyewe, bei tunaiweza. Ufuo hauna watu. Ni mahali patulivu."

"Na hiyo bichi iko na nini?" Nkirote aliuliza, akitafuna mfupa.

"Ufuo," nikasema. "Una nini."

"Haya. Hiyo ufuo."

"Huo."

Akamtazama kaka yake. Kaka yake akaitazama sahani.

"Si tuende tu Naivasha," Mungania akasema. "Hata huko iko maji. Na ni karibu."

"Naivasha ni ziwa."

"Maji ni maji, Mama Kirimi."

"Kama maji ni maji, basi nitawapeleka kwenye tangi la jirani tukae hapo wiki nzima."

Nkirote akacheka kwa pua. Mungania akaanza kutaja sababu. Safari ni ndefu. Kagendo atatapika. Joto la huko si kama la hapa, linakaba. Watu wa huko wanaongeza bei wakisikia lafudhi ya Meru. Nilimwacha ajimalize. Kila sababu nilikuwa na jibu lake kwenye daftari, na alijua hivyo. Alipoona zimemwishia, akasukuma sahani na kusema kwa uchovu, bila kufikiri:

"Na hiyo Msambweni si vile unaona kwa picha. Ukienda siku za bamvua, maji yakipwa unatembea mpaka uchoke kabla hujalowa magoti."

Nikaweka kalamu chini.

Maji yakipwa. *Ya*. Kabla hujalowa. Sentensi nzima, haina doa, kutoka kwa mtu aliyeniambia asubuhi ileile kwamba "kiatu yake imepotea". Na bamvua! Hapa kwetu hakuna anayesema bamvua. Nkubu alikozaliwa hakuna, Isiolo hakuna, kule kwenye visima vyake hakuna kabisa. Neno hilo hulijui mpaka ulisome kitabuni au usimame mahali maji yanapokimbia yakakuacha mkavu, na mtu wa pale akakuambia linaitwaje. Mungania hasomi kitu isipokuwa karatasi za pampu.

"Umelitoa wapi neno hilo?" nikauliza.

"Neno gani?"

"Bamvua."

"Si wewe ndio unafundisha."

"Nalifundisha kidato cha tatu. Sijawahi kulitamka ndani ya nyumba hii."

"Basi niliona kwa YouTube."

"YouTube ilikufundisha na ngeli?"

Akanywa maji. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mungania siku zote imekuwa fupi kuliko za wengine, kwa sababu hana mazoezi. Nikaanza kupiga hesabu ya mwaka mzima kichwani. Mwaka huu wote kuna siku kumi tu ambazo sikuisikia sauti yake.

"Agosti ulikuwa wapi?"

"Biliqo. Nilikuambia. Pampu ilikuwa imekufa na kule hakuna netiweki."

"Siku kumi kwa pampu moja?"

"Ilikuwa mbaya."

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Usijitie hamnazo, Mungania. Mwanamke uliyetembea naye kwenye maji yaliyokupwa. Nataka jina tu. Nimeweka akiba miaka minne, nimevaa viatu vimoja miaka minne, nikikungoja uione bahari pamoja nami, na wewe umeshakwenda kulowesha magoti na kahaba."

Nilisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, na sikuona haya. Niliuona uso wake ukibadilika, na haukuwa uso wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa uso wa mtu anayenihurumia, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nkirote alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyengoja zamu yake muda mrefu.

"Wacha kumwekea ndugu yangu wanawake," akasema. "Huyu atoe wapi akili ya mwanamke wa pili? Mwanamke alikuwa ni mama."

"Nkirote, nyamaza," Mungania akasema.

"Sinyamazi. Tumenyamaza tangu Agosti na nimechoka." Akanigeukia. "Mama macho yake inaisha, unajua. Alisema anataka kuona bahari kabla giza imshike. Tukampeleka. Mimi, mama, Mungania. Siku kumi, Msambweni. Na tulikuwa na watoto."

"Watoto gani?"

"Wako, Mwalimu. Si walikuwa kwa shosho yao? Ulitaka tuwaachie nani, ng'ombe?"

Kuna mambo ambayo masikio huyasikia na mwili ukachelewa. Nilikumbuka kwanza ngozi. Agosti niliwapeleka watoto Nkubu kwa mama mkwe wangu, kwa sababu nilikuwa nimebanwa na kusahihisha mitihani. Walirudi weusi tii, pua zinabambuka. Nililalamika siku nzima kwamba bibi yao anawaacha juani kama mbuzi. Nikawakalisha mmoja mmoja nikawapaka mafuta, taratibu, mashavu na paji la uso. Hawakusema kitu. Nilikuwa naipangusa bahari usoni mwao kwa mikono yangu mwenyewe.

"Walionaje?" nikauliza. Sijui kwa nini hilo ndilo lililotoka. "Walipoiona. Walifanya nini?"

Mungania alikuwa anafuta meza kwa kiganja.

"Nilikuwa nataka kitu kimoja," nikamwambia Mungania. "Kimoja. Ulikijua. Nilikuambia kabla Kirimi hajaota jino."

"Tulikuwa tutakuambia."

"Lini?"

Akatazama mlango.

"Kwa nini sikuambiwa? Ningekuja. Ningeiacha hiyo mitihani ioze. Kwa nini?"

"Mwambie," Nkirote akasema. Kaka yake akatikisa kichwa. "Basi nitasema mimi. Ni mama alikataa. Alisema, nipelekeni, lakini bila mwalimu. Alisema, nataka nikiona hiyo maji niongee vile nataka, nisiulizwe nimesema nini. Alisema anataka mahali kimya."

"Patulivu," nikasema.

Naapa sikutaka. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyopiga chafya. Nilikuwa nimevunjika katikati na bado mdomo wangu ukafanya kazi yake.

Nkirote akaniinamia juu ya meza.

"Umeona?" Nkirote akaniambia, na safari hii hakuwa na dharau hata kidogo. "Umeona sasa?"

Nilijua alikokuwa ananipeleka. Krismasi iliyopita, Nkubu, tulikuwa zaidi ya ishirini tumezunguka chakula, na mama mkwe akaombwa aombe. Akasema, "Mungu, bariki hii chakula." Nami, macho yakiwa yamefungwa, kwa sauti ya chini kabisa, nikasema, "hiki." Nilidhani nimejisemea. Lakini watu wakiwa wamefumba macho, masikio huwa wazi. Mama mkwe alisita, akamaliza sala. Tangu siku hiyo mbele yangu anaomba kwa Kimeru tu, na kwa haraka. Nilikuwa nimejiambia kwamba ni uzee.

"Kwa hiyo ni kwa sababu ya *hiki*," nikasema. "Herufi nne. Mmenilipiza kwa watoto wangu kwa sababu ya herufi nne."

"Si hiki moja," Mungania akasema.

Hatimaye alikuwa amenitazama. Mume wangu ni mtu mpole, na watu wapole wakifikia mwisho wa upole wao husema mambo ambayo huwezi kuyarudisha.

"Unajua hii nyumba inakuwa aje ukienda shule?" akaniuliza. "Tunaongea. Huyo Kirimi anaongea mpaka namwambia apumzike, anaigiza walimu wake, ananiambia mambo ya mpira, mambo ya msichana fulani. Ukifungua geti tu, anaingia chumbani. Umewahi kujiuliza?"

"Nawafundisha wasije wakachekwa."

"Nani anawacheka? Isiolo nzima inaongea hivi. Ni wewe tu unatucheka."

Nililichukua daftari nikamtupia. Lilimpata begani, likaanguka kwenye mchuzi. Nikamwambia Nkirote atoke nyumbani kwangu. Akasema ni nyumba ya ndugu yake, akachukua pochi yake, akaenda kukaa kwenye ngazi ya nje pale pale mlangoni, mgongo ukiwa umetugeukia. Hakuwa mtu wa kukimbia vita alivyokuwa anavishinda.

Nikashika simu nikampigia Fathia. Mungania alisimama mbele yangu, ameshika daftari linalodondosha mchuzi.

"Mwalimu wangu wa Isiolo!" Fathia akasema. "Nimewawekea ile nyumba, Jumatatu ijayo. Na kwa ajili ya watoto nitaongeza kitanda."

"Usiongeze," nikasema. "Nakuja peke yangu."

"Mmoja? Si uliniambia wanne?"

"Watoto wameshaiona."

"Mama Kirimi," Mungania akasema, "usifanye hivyo. Twende wote. Wataiona tena."

"*Tena*," nikamwambia. "Hilo umelisema vizuri." Nikakata simu.

Sikuwa nimemaliza. Hasira yangu ilikuwa bado na miguu. Wale wakubwa nilikuwa nimewaelewa, hata kama sikuwasamehe. Lakini miezi mitatu watoto wangu mwenyewe walikuwa wamekaa mbele yangu jioni, nikiwaahidi bahari kwa maneno mazuri niliyoyachagua, na wakaninyamazia. Nikausukuma mlango wa chumba chao.

Kirimi alikuwa kitandani, ameelekea ukutani. Kagendo alikuwa amekaa sakafuni na kalamu zake za rangi. Walikuwa wamesikia kila kitu. Kuta zetu ni za mbao.

"Nani aliwaambia mnifiche?" nikauliza.

Kirimi akageuka, akakaa wima kama yuko darasani.

"Hakuna aliyetuambia tukufiche, Mama," akasema. "Sisi wenyewe tulinyamaza."

Sentensi ilikuwa safi. Ilikuwa ya kupewa alama zote. Nikangoja nyingine, na haikuja. Nikajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtoto huyu aliniambia sentensi tatu zilizofuatana, na sikukumbuka.

Nikamwacha. Nikachuchumaa mbele ya Kagendo. Karatasini alikuwa amechora nyumba na kuku, mambo ya kawaida. Nilihisi nina kiu ya kitu, na nilijua ni nini. Uso nilikuwa nimeukosa, lakini huenda hadithi ilikuwa bado haijapotea. Mtoto wa miaka sita hubeba kitu kikubwa muda mrefu.

"Kagendo," nikasema, kwa sauti laini niliyokuwa nayo ya mwisho. "Sijakasirika na wewe. Niambie tu. Bahari ikoje?"

Macho yakamwaka. Akaangusha kalamu, akafungua mikono yote miwili mpaka ikafika mwisho.

"Mama! Maji i—"

Akasimama.

"Maji zi…"

Hakuwa ananitazama machoni. Alikuwa anautazama mdomo wangu, jinsi wasichana wa kidato cha kwanza wanavyoutazama wakisoma kwa sauti, wakingoja kujua wamekosea wapi. Midomo yake ilijaribu herufi moja, ikajaribu nyingine, bila sauti. Mikono ikashuka polepole.

"Nimesahau," akasema.

"Sema vyovyote, mama. Vyovyote utakavyo."

"Nimesahau, Mama."

Akapita pembeni yangu akatoka. Nikasikia miguu yake mitupu ikivuka sebule, mlango wa mbele ukilia, na Nkirote akisema kitu kule ngazini. Nikaenda dirishani, nikasimama nyuma ya pazia ambapo hawangeniona.

"Auntie, mama ameniuliza bahari iko aje."

"Na ukamwambia nini?"

"Sikumwambia. Auntie, unakumbuka ile siku ya kwanza? Ile maji ilikuwa inakuja, inakuja, inakuja, halafu inashika shosho miguu, na shosho anapiga kelele! Analia na anacheka! Halafu ile maji inarudi inaenda na kiatu yake, na Kirimi anaifukuza, na mimi nikasema wacha, itarudi, na ikarudi!"

Alisimulia yote, tangu walivyofika hadi walivyoondoka, na hakukwama mahali popote. Nami nilisimama nyuma ya pazia nikisikiliza, nimeuziba mdomo kwa kiganja ili nisiseme "yale".